Jani la Buluu Chini ya Dirisha

Mafundi saruji walimwita Bi Magugu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Walikuwa wakikutana naye kwenye nyua za watu, wao wamekuja kusakafia, yeye amekuja kuwazuia. Mwenye nyumba husimama katikati, anasikiliza upande huu, anasikiliza upande ule. Fundi anasema saruji haifi. Bi Magugu anajibu kwamba huo ndio ubaya wake. Mara nyingi fundi hushinda, na yeye huondoka akiacha neno moja la mwisho ambalo mwenye nyumba hukaa nalo mwaka mzima.

Kazi yake ilikuwa kubuni bustani za nyumbani kwa mimea ya asili ya mahali penyewe. Si maua ya dukani, si zile nyasi za kununua kwa mikeka. Alipanda vichaka, nyasi ndefu na majani ambayo watu wengine walilipa yang'olewe. Alifuata tingatinga popote lilipofungua barabara au machimbo, akachimba alichoweza kabla hakijafukiwa, akakipakia kwenye pikapu yake ambayo haikuwahi kuonekana safi. Wateja wake walikuwa watu waliochoka: wagonjwa wa moyo, wajane, mwalimu mmoja aliyepoteza usingizi. Aliamini kwamba udongo uliochoka na mtu aliyechoka hutibiwa kwa dawa moja, na katika hilo hakuwa na mzaha. Katika mengine yote ulimi wake haukuwa na breki. Alishawahi kumwambia mteja kwamba ua wake umefanana na zulia la hoteli ya daraja la chini. Mteja yule alikuwa na hoteli.

Mtu pekee ambaye alimtengenezea bustani bila kuombwa alikuwa mama yake mzazi.

Mama alianguka bafuni, nyonga ikavunjika, hospitali ikaiunga. Mfupa ulipona kabla ya mwenyewe. Alirudishwa nyumbani, akalazwa kwenye kitanda kilicho chini ya dirisha la uani, akageuza uso ukutani. Bi Magugu alihamia humo amwuguze, na wawili hao, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamependana vizuri kwa simu, wakajikuta wanagombania chumvi, pazia na sauti ya redio.

Mtaalamu wa viungo, mwanamke wa makamo asiyecheka, alikuja, akamkunja mama mguu, akamkunjua, akaegemeza mkongojo wa miguu minne kando ya kitanda.

"Mfupa hauna tatizo," alisema. "Tatizo ni yeye. Asipotembea sasa, baadaye hata akitaka mwili utakataa."

"Umesikia, mama?"

"Nimevunjika nyonga, sijavunjika masikio."

Na hakusimama.

Kisha akaja kaka, mtoto wa kwanza, mtu wa suti na maamuzi. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeacha gari likiunguruma nje.

"Mvua zikiisha nakuja," alisema. "Nikimkuta kitandani, namchukua nakaa naye mimi. Nyumba tutaipangisha."

"Ghorofa ya tatu, kaka? Atakuwa anashukaje?"

"Ashuke akafanye nini? Kila kitu atapata juu."

"Utamweka kama sanduku la mashuka ya wageni."

"Afadhali sanduku linalofutwa vumbi. Wewe hapa unamfanyia nini, unamwotesha?"

Mama alisema akiwa bado anatazama ukuta, "Niacheni nife kwenye nyumba yangu."

"Basi simama," binti akamwambia. "Ukisimama hakuna wa kukutoa."

"Nimesema nife. Sijasema nisimame."

Hapo ndipo Bi Magugu alipoamua. Ua ule ulikuwa umesakafiwa na marehemu baba yao kwa saruji ambayo sasa ilikuwa na nyufa kila upande. Alileta mtu wa sululu, wakaivunja yote, na mama akaulaani kila mpigo kutoka kitandani. Kwa maji ya paa alichimba bonde dogo lililoyapokea na kuyanyonya taratibu. Udongo wa bonde akaujaza upande wa pili kuwa kilima cha kufika magotini. Katikati alipitisha njia ya matofali, pana kiasi cha mkongojo na viwiko vya mwenye mkongojo, isiyo na kidato hata kimoja. Kila njia ilipopinda aliweka benchi fupi, karibu kiasi kwamba anayechoka hapa anaona pale pa kukaa. Siku moja alivua viatu, akapanda kitandani, akalala kando ya mama yake ili aone kile anachokiona mtu wa kitanda hicho.

"Unanibana."

"Napima."

"Unapima kaburi?"

Kutoka kwenye mto kulionekana kipande cha ukuta wa jirani, ncha ya benchi la kwanza na ardhi iliyo chini kabisa ya dirisha. Hapo ndipo palipohitaji mmea wa kumwita mtu atoke.

Alikosomea kazi yake, mbali na nyumbani na kwa lugha ya wenyewe, walimfundisha kwamba mgonjwa huitwa na mimea ya ujana wake. Harufu na rangi alizozijua alipokuwa na nguvu humkumbusha mwili kazi yake. Bi Magugu alilishika somo hilo na hakuwahi kulitilia shaka, maana kwa wateja wengine lilikuwa limefaa. Na ujana wa mama aliujua, au alidhani anaujua. Mama aliolewa akiwa msichana, akapelekwa shambani kwa mama mkwe wake, na katika maisha yake yote hakuacha kulitaja shamba lile. Akilitaja shamba, hulitaja jani la buluu: jani linalotambaa, lenye shina laini la mafundo na ua dogo la buluu linalofunguka asubuhi na kufumba mchana. "Kule kwa bibi yenu, jani la buluu hadi mlangoni," alikuwa akisema huku anakaza kitambaa cha kichwa. Watoto walilisikia kama hadithi.

Basi binti akaenda kwenye shamba lile, ambalo sasa halilimwi na mtu. Jani lilikuwepo, limetanda. Alijaza magunia. Alichimba na kivumbasi cha kunukia, na nyasi za kingoni. Pale kwenye kilima cha uani, mahali pa heshima, alipanda mmea wa tunguu, kama kitunguu kikubwa cha porini, unaotoa ua moja jekundu la mviringo. Huo hakuutoa shambani. Aliutoa kwenye mlima ambao baadaye uliliwa wote na machimbo ya kokoto, na tangu hapo alikuwa ametafuta mwingine kama huo kila alikopita bila kuuona. Aliutunza kwenye ndoo akisubiri bustani inayoustahili.

Mvua zikanyesha. Jani la buluu, ambalo halihitaji kubembelezwa, likashika, likatambaa toka chini ya dirisha hadi kingoni mwa njia, likachanua. Asubuhi hiyo mama aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali aliupa ukuta kisogo, akajiinua kwa kiwiko, akatazama nje kwa muda mrefu.

"Nani amekwambia unifanyie hivi?" aliuliza. Sauti ilikuwa inatetemeka.

Bi Magugu alijibanza jikoni machozi yakimlenga. Aliyachukua maneno yale kuwa shukrani iliyokosa njia.

Siku iliyofuata aliporudi kutoka kazini alikuta majani yameng'olewa. Si yote. Yalikuwa yamelazwa juu ya benchi la kwanza, mizizi juu, yamekauka kwa jua. Kesho yake tena, na kesho kutwa yakafika benchi la pili. Mama alikuwa kitandani, shuka hadi kidevuni, macho yamefumbwa.

Bi Magugu alimjua mwizi wake. Jirani, bwana mstaafu mwenye ua wa nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha askari, alikuwa amekwisha kulalamikia mbu, panya na sura ya mtaa. Alimkabili kupitia juu ya ukuta.

"Jirani, umeingia uani kwetu?"

"Niingie nifuate nini? Nyoka wako wananitosha wanaokuja wenyewe."

"Umemwona nyoka gani?"

"Sijamwona. Nyoka mwerevu haonekani."

"Basi na wewe mwerevu. Umeng'oa mimea yangu hujaonekana."

Bwana mstaafu aliweka chini makasi yake ya bustani. "Sikiliza, binti. Mimi ningeng'oa, ningeng'oa vyote, na wewe juu. Nisingekaa kuchagua."

Ilimuuma kwamba mzee yule alikuwa na hoja. Mtu huyu alikuwa anachagua. Kivumbasi kilikuwa salama, nyasi zilikuwa salama. Kila shina la buluu lilikuwa limetoka na mzizi wake mzima, kwa mkono unaojua, na kulazwa juu ya benchi pasipo udongo, maana jani lile ukilitupa ardhini linaota pale pale ulipolitupia.

Asubuhi iliyofuata aliaga, akawasha pikapu, akaiacha nyuma ya kona, akarudi kwa mguu kupitia mlango wa nyuma.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la pili, kanzu ya kulalia imepandishwa magotini, mkongojo umesimama pembeni kama mbuzi aliyefungwa. Aling'oa, akakung'uta udongo, akalaza. Alikuwa akizungumza na jani.

"Na wewe. Ulidhani nimekufa? Ulisikia nimekufa ukaja?"

Alishika mkongojo, akainuka akiguna, akaenda benchi la tatu. Alikwenda vibaya, mguu ukiburuta, lakini alikwenda. Njia ilimtosha. Benchi lilikuwa pale alipolihitaji.

"Mama," binti akasema. "Unatembea."

Mama hakushtuka. "Sitembei. Napalilia."

"Mtaalamu amekusihi siku zote hizi umekataa."

"Yule anataka niende mlangoni nirudi, niende mlangoni nirudi. Mtu mzima anayekwenda mlangoni na kurudi bila shughuli, mnamwitaje nyinyi? Sisi tulimwita mwendawazimu."

"Lakini kwa nini jani hili? Nimelifuata shambani kwa ajili yako. Lile lile. Ulikuwa unalitaja kila siku."

"Na shetani tunamtaja."

Mama alipangusa mikono kwenye kanzu. Kisha akaeleza, bila haraka, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi aliokaa nao. Kwamba alipofika kule kama bibi harusi alipewa sehemu yenye jani hilo kuliko zote. Kwamba mama mkwe alikuwa akimfuata nyuma, ameinama, akikagua.

"Akikuta kipande nimekiacha, anakiokota. Jioni tukikaa kula, anakiweka kwenye sahani yangu. Na udongo wake. Mbele ya wageni, mbele ya nani. Mbele ya baba yako."

"Baba alisema nini?"

"Baba yako alikuwa anakula."

Mama aling'oa shina jingine, akalikung'uta, akalilaza.

"Sijawahi kuliona jani hili nikacheka," mama akaendelea. "Yule mama nimemzika kwa mikono yangu, nikadhani nimemaliza. Wewe, uliyesoma mpaka ng'ambo, umekwenda kulileta kwa gunia, ukalipanda ninapolaza kichwa."

Mtu mwenye busara angeomba radhi. Bi Magugu alikuwa na mengi ila si hilo. Alisema jani la buluu lichukue, lakini hivyo vingine viache, vina kazi. Mama akamtazama kama wanavyotazamwa mafundi wanaopandisha bei katikati ya kazi. Akainuka, akaenda hadi kwenye kilima, akatoa kisu cha jikoni mfukoni mwa kanzu, akakikita kando ya tunguu na kulinyanyua. Kabla binti hajafika alikuwa amelipasua mara mbili.

"Hilo si gugu." Bi Magugu alimdaka mkono, akastaajabu jinsi ulivyokuwa na nguvu. "Hilo lilikuwa peke yake. Unasikia? Peke yake."

"Kila ulicholeta wewe ni gugu."

"Basi kaka na aje. Aje akuchukue. Na mimi nitamsaidia kubeba mizigo yako."

"Mpigie," mama akasema. "Simu unayo."

Hakumpigia. Badala yake alifanya jambo la kikatili zaidi, ingawa alipolifanya aliliona la haki. Mchana ule ule aliingia bustanini na jembe, akalichimbua jani lote la buluu, kila fundo, kila kamba iliyojificha chini ya tofali, akalichoma kwenye pipa. Aliifanya kazi hiyo kama anavyoifanya kwa mteja, bila kuacha masalia. Alikuwa anaokoa kivumbasi chake, nyasi zake, na heshima yake. Vipande vya tunguu alivizika kwenye ndoo ya mchanga, huku akijua vimeshakufa.

Mama alimtazama dirishani mwanzo hadi mwisho. Kisha akajifunika, akaugeukia ukuta.

Siku zikapita, ukuta ukatazamwa. Mtaalamu wa viungo alikuja, akakunja, akakunjua, akauliza kama kuna jambo limetokea, maana mguu uliokuwa umelegea vizuri ulikuwa umekaza tena. Mvua zilikuwa zinajivuta kumalizika. Kaka alipiga simu kusema Jumamosi anakuja na gari kubwa.

Ijumaa asubuhi mapema Bi Magugu alisimama uani na bustani yake ilikuwa nzuri. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ungeweza kuipiga picha. Ilikuwa bustani ya kumponya mtu mwingine, mtu mpole aliyeishi ujana mwema, na mtu huyo hakuwa anakaa kwenye nyumba hii. Aliichukia kwa dakika kadhaa, akamchukia na mama yake, na bibi aliyeweka udongo kwenye sahani ya mtoto wa watu. Halafu akachukua magunia matupu, akawasha pikapu, akaenda tena kule shambani.

Alirudi jua likiwa limepanda, akaanza kulipanda jani la buluu chini ya dirisha. Hakujificha. Alichomeka shina baada ya shina huku anajua kioo kiko wazi juu ya kichwa chake.

"Unafanya nini?" sauti ikauliza.

"Napanda."

"Nakuona."

"Basi kama unaona unauliza nini?"

Ndani, kitanda kililia.

Kaka alipofika Jumamosi na gari lake kubwa na dereva wa kusaidia kubeba, hakumkuta mtu chumbani. Alimkuta mama yake uani, amevaa viatu, amekaa kwenye benchi la kwanza na lundo la majani pembeni. Alisimama kwenye njia ya matofali akitafuta mahali pa kuweka mikono.

"Mama. Shikamoo. Jiandae, tumekuja."

"Marahaba. Mmekuja kwenda wapi?"

"Tulizungumza. Nyumbani kwangu."

"Huoni uchafu huu? Niuache nani aumalize?"

"Nani ameuleta?"

Mama alielekeza kidevu. "Si huyo dada yako."

Kaka alimgeukia dada yake kwa uso wa mtu aliyepata hatimaye kesi aliyokuwa akiitafuta. "Unamletea mgonjwa magugu? Una akili kweli?" Kisha kwa mama, kwa upole wa kumbembeleza: "Usihangaike. Nitamtuma mtu na dawa ya kupulizia. Anapuliza mara moja, yote yanakufa, hutaona jani tena."

Mkono wa mama ulisimama. Bi Magugu naye, aliyekuwa amechuchumaa penye kona ya mbali, alinyanyua kichwa.

"Ukileta dawa kwenye ua huu," mama alisema, "usiniite mama."

"Lakini mama, mimi nataka kukusaidia—"

"Nimesema."

Alishika mkongojo. Akainuka mwenyewe, akiguna, akampita mwanawe kwenye njia iliyokuwa pana kiasi cha yeye na viwiko vyake, kaka ikambidi aruke pembeni akanyage kivumbasi. Akafika benchi la pili. Akafika la tatu. Dereva aliondoa mto aliokuwa ameutandika kwenye kiti cha gari, akaurudisha nyuma.

Kaka aliondoka baada ya chai aliyoinywa akiwa amesimama. Alisema ataangalia tena mvua nyingine. Alisema wote wawili ni wagonjwa, si mmoja.

Uani binti alibaki amechuchumaa na gunia lake. Kilima kilikuwa na shimo pale tunguu lilipokuwa, na hakuwa na kitu cha kulijaza. Hakusema pole na hakuambiwa pole. Alikuwa anapanda, kwa mikono iliyofundishwa kwa gharama kubwa, jani ambalo alijua litang'olewa kabla ya wiki kwisha, na wiki ijayo angepanda mengine, na angeyasogeza kidogo mbali zaidi na dirisha.

Mama alikuwa anamtazama kutoka benchi la tatu, mikono imelala mapajani, kama mwenye shamba anayemsimamia kibarua.

"Umemaliza hapo?"

"Bado."

"Usipande kama mtu anayeogopa udongo. Shindilia. Nikivuta nataka nisikie kitu."